Elisée Hakuingia kwa Mama Yake

Kamalondo ya siku hizi, pale Lubumbashi, ina kelele nyingi na kumbukumbu chache. Muulize kijana anayeuza kadi za simu pembeni mwa soko kibanda kile cha matofali chenye mlango wa chuma ni cha nini, atakuambia ni kabini, umeme unapitia mle, na atakutazama kana kwamba umeuliza jua linafanya kazi gani. Hajui kwamba palikuwa na wakati ambapo watu nusura wauane kwa ajili ya mlango ule. Mama Angélique Nkandu anajua. Anakaa karibu na hapo, kwenye lupango, yaani ua, alioingia akiwa bibi arusi, na cherehani zake zinasikika mpaka barabarani siku ambazo umeme upo.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye ulimi usioomba ruhusa. Wazazi wake walishuka kutoka Mitwaba, baba akifuata kazi ya reli, na yeye akajifunza kushona kwa masista. Ukimpelekea kitambaa kibaya atakuambia ni kibaya mbele ya watu. Wateja humnunia kwa muda, kisha wanarudi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kukata bega la blauzi likakaa sawasawa na bega la mvaaji. Mtaa mzima humwita Mama Elisée, kwa jina la mwanawe wa pekee, naye hulipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa. Na jambo moja tu analolitaka katika uzee wake, wala halifichi: Elisée aje, akae mezani kwake, ale.

Lakini huwezi kumweleza Angélique bila kuanza na marehemu mumewe, Liévin, kwa sababu shida yote ilitoka kwake.

Liévin alikuwa fundi umeme wa reli. Mrefu, mwepesi wa kucheka, na juu ya yote alikuwa mtu wa kukaa. Alipenda kukaa na watu kuliko kitu chochote duniani. Mpe kiti, mpe chupa ya bia, mpe mtu wa kubishana naye habari za mpira, basi amesahau kwao. Wakati wa uchumba Angélique alikuwa akimtafuta nyumba kwa nyumba, na kila alikoingia aliambiwa, "Alikuwa hapa sasa hivi, kiti chake kingali na joto."

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mwenye mvi mjini Lubumbashi anaifahamu na hapendi kuitaja. Mishahara ilikauka. Mashine ya kabini iliungua, na wenye mamlaka wakatazama upande mwingine kama vile haikuwa yao. Watu wa mtaa wakachanga, wakaleta mafundi, Liévin akiwa mmojawapo, wakaifufua. Ila ilifufuka nusu. Ilikuwa ikiweza kubeba nusu ya nyumba, nusu nyingine ingoje. Ikabidi iwe zamu: leo upande wa soko, kesho upande wa kanisa. Na mwenye kugeuza zamu alikuwa yule mwenye ufunguo wa mlango wa chuma.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwenye ufunguo wa kwanza alikuwa mtu mwema, anasali, hana neno na mtu. Lakini alikuwa na shemeji mwenye kuuza vinywaji baridi. Basi zamu ya upande wa shemeji ikawa ndefu kidogo, halafu ndefu zaidi, halafu watu wa upande wa pili wakafika na mapanga. Wa pili alikuwa na mama mgonjwa. Wa tatu hakuwa na yeyote, lakini alipenda bia, na bia inanunulika. Ulifika wakati jirani hakumsalimia jirani, na watoto wa upande huu walikuwa wakipigwa wakivuka kwenda upande ule.

Wazee wa mtaa huu na wa mtaa wa ng'ambo ya soko, uliokuwa na kabini yake na ugomvi kama huo huo, wakakutana, wakakata shauri ambalo hata leo Angélique akilitaja huinua kidole. Mwenye ufunguo wa kabini hii atoke kwa wale wa kabini ile ya ng'ambo ya soko, na wa ng'ambo atoke huku. Asiwe anakula umeme anaougawa. Na tena, akiwa na ufunguo, asikae kitini katika nyumba yoyote inayopata umeme kwenye kabini hiyo. Asile humo, asinywe humo, hata maji. Atasalimia akiwa amesimama, atasikiliza akiwa amesimama, kisha aende zake.

Watu wa mtaa wa Angélique wakampata Mzee Osée, seremala wa ng'ambo, mtu mkavu ambaye hata kabla ya hapo hakuwa akikaribishwa sana. Ng'ambo wakamtaka Liévin. Angélique alicheka mpaka akashika mbavu. Liévin, asikae!

Hakukaa. Hilo ndilo lililomshangaza mke wake, na likamfanya ampende upya, baada ya miaka ya ndoa, kama mtu aliyemwona mara ya kwanza. Alikuwa akirudi kutoka ng'ambo miguu imemvimba kwa kusimama. Dada yake mwenyewe, Marceline, alikuwa ameolewa kule kule, nyumba ya pili kutoka kabini. Marceline alipomwoza bintiye, Liévin, mjomba wa bibi arusi, alivaa suti, akafunga tai, akaenda, akasimama nje ya lango. Alisimama tangu wimbo wa kwanza. Wageni walimpita wakiingia, wakampita wakitoka. Bibi arusi alipotoka kuwaaga wageni, aliona mjomba wake amesimama kando ya ukuta, akamkumbatia hapo hapo penye vumbi, shela ikachafuka. Angélique alikuwa ndani, amekaa na sahani mapajani, na kwa aibu hakugusa chakula.

"Unamupatisha dada yako haya," alimwambia waliporudi. "Bantu banasema njo weye unajiona mukubwa."

"Baseme," Liévin akajibu, akivua viatu. "Kesho ni zamu ya Marceline kukala mu giza. Minataka nizime bila muntu kusema kintu."

Na kesho yake alizima, wala hakuna aliyesema neno.

Siku nyingine mkuu mmoja wa serikali, aliyekuwa amehamia ng'ambo kwenye nyumba kubwa ya kona, alikuja kuuchukua ufunguo ule. Alikuja na askari, na mtaa mzima ukatoka kutazama, Angélique miongoni mwao, roho mkononi.

"Papa Liévin, ufunguo ni kintu ya Serikali. Leta."

"Chef, minakueshimu," akasema Liévin. Alikuwa amesimama, kama kawaida yake kule. "Lakini weye unakala kwa hii avenue, si vile? Congélateur yako, ile ya kugandisha nyama, inakamata courant ya hii kabini. Sasa ukikamata ufunguo, siku ya zamu yako kuzima, ni nani atakuzimia?"

Wale askari walitazama viatu vyao ili wasicheke. Mkuu akasema atarudi, na hakurudi.

Ni ajabu mtu kuikumbuka kwa hamu miaka ya njaa, na Angélique mwenyewe hukubali kwamba ni ajabu. Lakini miaka ile ndiyo aliyokuwa na mume. Kabla ya hapo Liévin alikuwa mume wa baraza zote za Kamalondo. Baada ya ufunguo, alikuwa akirudi na njaa, sufuria inamngoja, anakaa kwenye kiti chake na haondoki. Walikula bukari, yaani ugali, na chochote kilichokuwepo, mara nyingi sombe, majani ya muhogo, peke yake, naye alisimulia ya ng'ambo mpaka chakula kikapoa. Elisée, mtoto mdogo mwenye masikio makubwa, alikuwa akisikiliza huku amelala chini ya meza. Angélique hajawahi kuwa na furaha kama ile tena, na halioni jambo hilo kuwa siri.

Liévin alifariki. Shirika la umeme likarudi, likaweka mashine yake na kufuli yake, na ile desturi ya kusimama ikafa bila mazishi. Wazee waliokuwa wakiijua wakapungua, na waliobaki wakawa wanaikumbuka kama ugonjwa waliopona.

Elisée akasoma. Akasoma umeme, akasoma na sheria, akaenda Kinshasa, akaoa huko, akapata binti aitwaye Abigaïl. Kila alipokuja Lubumbashi alikuwa akifikia kwa mama yake, na akishaketi mezani hasemi neno mpaka sahani iwe nyeupe. Halafu mwaka uliopita akapiga simu, sauti imejaa.

"Mama, balinipatia kazi ya mupya. Ni sawa ile ya papa. Lakini kabini yenyewe ni inchi muzima."

Akamweleza. Kulikuwa na mamlaka mpya ya kudhibiti umeme, watu wachache waliokula kiapo. Kazi yao kupanga bei, kusikiliza ugomvi kati ya shirika na wateja, kuamua. Shirika ni la serikali, na waziri ndiye anayelisimamia, lakini sheria inasema mamlaka haipokei amri kwa waziri. Angélique alilia kwa fahari, akaenda makaburini kumwambia Liévin. Lililobaki hakulifikiria. Nani angefikiria, siku ya furaha kama ile?

Mwaka huu ni mwaka wa kupiga kura, na mwaka wa kura unajulikana, hata barabara zisizo na lami hupakwa maneno matamu. Waziri alitangaza kwamba bei ya umeme itashuka, na ishuke kabla ya kura. Ilibaki mamlaka itie sahihi. Mamlaka ikasema kwanza itawasikiliza wananchi, mji kwa mji, na Lubumbashi akapangiwa Elisée mwenyewe.

Habari zikaenea Kamalondo kama harufu ya vitunguu. Aliyefika wa kwanza kwa Angélique alikuwa Fils, kijana wa kampeni ya waziri, aliyebatizwa parokia hiyo hiyo na anayenukia marashi tangu mlangoni. Alileta marobota ya vitenge vyenye uso wa waziri.

"Mama Elisée, tunataka bablauzi ya bamama ya quartier yote. Ni weye njo tunataka, hapana mwingine. Na Elisée akikuya, umusalimie sana. Umwambie shiye ni bantu bake."

Tusimlaumu Angélique haraka. Umeme wa kabini siku hizo ulikuwa ukija umechoka, taa nyekundu kama macho ya mlevi, cherehani hazizunguki. Wasichana wawili wanaoshona naye walikuwa wakikaa tu mchana kutwa. Kazi kama ile alikuwa hajaiona tangu ujana. Angélique alipokea, akashukuru, akatandaza kitambaa mezani, akaanza kukata, akiimba.

Siku aliyokuja Elisée, mama yake alianza kupika asubuhi. Alikuwa ameagiza samaki wakavu wa Pweto kutoka kwa mwanamke anayejua kuchagua, akawaloweka, akawapika taratibu kwa karanga kama mwanawe anavyopenda. Delphine, jirani yake na fundi mwenzake tangu usichana, aliingia jikoni kuonja bila kuombwa. Delphine ndiye aliyechaguliwa na mafundi cherehani wa mtaa kuzungumza kesho yake kwenye kikao cha kuwasikiliza wananchi.

"Butamu!" akasema, akilamba kidole. "Leo akule vizuri. Muntu akishakula chakula ya mama yake, kesho atakataza nini? Atasema vile tunataka."

Alisema kwa mapenzi tu. Alikuwa akicheka. Lakini Angélique alisimama na mwiko mkononi, akaitazama sebule yake kupitia mlango wa jikoni, uso wa waziri umetandazwa mezani, umekatwa shingoni, na viti vimepangwa vizuri kuzunguka. Alijua nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya namna gani. Alikuwa amekaa ndani ya moja kama hiyo, na sahani mapajani, mumewe akiwa nje penye vumbi.

Gari likasimama. Alitoka kwa haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu, akalivuta lango nyuma yake, akasimama mbele yake.

"Papa," akamwita mwanawe, kwa jina la mapenzi la mama kwa mtoto wa kiume. "Simama hapo."

Elisée alikuwa ameshanyoosha mikono. Akacheka. "Mama, niko na njala. Minasikia arufu ya samaki kuanzia kule kwa barabara."

"Minajua. Minaipika tangu asubui."

"Basi?"

"Baba yako, wakati alikuwa na ufunguo, alikuwa anakulia wapi?"

Kicheko kikafutika usoni mwake. Alikuwa mrefu kama baba yake, na aliposimama vile, kando ya ukuta, Angélique ilimbidi atazame pembeni.

"Mama, ile ilikuwa avenue mbili," akasema polepole. "Papa alikuwa anarudia huku. Miye kabini yangu ni inchi muzima. Hakuna avenue ingine. Miye nitakulia wapi?"

Swali lilikuwa la haki, na Angélique alijua hivyo. "Kwako," akasema. "Chakula yako weye mwenyewe. Hapa mu nyumba muko bitenge bya waziri, miye njo nilibikamata. Na bajirani banangojea ukule, kisha bakulombe. Ukiingia umo, papa, hautatoka na midomo yako."

Walizungumza wamesimama. Mama akauliza habari za Abigaïl, mwana akauliza habari za mgongo wake. Alitaka kusema mengi, na watu walikuwa wameanza kujitokeza malangoni. Elisée akamshika mikono yote miwili, akaibana, akarudi garini. Alikula nini jioni ile Angélique hajui mpaka leo. Samaki aliwapa wasichana wake, na yeye akajilaza na kulia kama mtoto.

Kamalondo haikungoja kupambazuke. Kuna waliosema mwana amemdharau mama, siku hizi anakula hotelini. Wengine walisema mama amemlaani mwana, ndiyo maana alimzuia langoni, na mtoto aliyezuiwa langoni na mama aliyemzaa hawezi kufika mbali. Hili la pili ndilo lililowaingia watu moyoni, hata waliokuwa wakimwonea Elisée kijicho wakaogopa. Asubuhi, kabla ya kikao, Delphine alifika na wanawake watano wa misa ya kwanza, rozari shingoni, na kwenye kitambaa cheupe wamefunga pemba, lile vumbi jeupe la kumpaka mtoto baraka.

"Mama Elisée, umusamehe," wakaanza kwa pamoja. "Hata kama alikukosea nini."

Angélique alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akawaeleza habari za Liévin, za Osée seremala, za kusimama. Vijana kati yao walimtazama kama anayesimulia ndoto. Delphine peke yake alikumbuka, maana naye alikuwa amepitisha miaka ile akishona kwa mshumaa.

"Ile ilikuwa ya wakati ya njala, ndugu yangu," akasema, amekasirika kidogo. "Leo kuko Serikali. Unajitesa bule."

"Wakati ule pia alikuwako Serikali," Angélique akajibu. "Alikuwa anakala kwa nyumba ya kona."

Pemba wakaondoka nayo. Kabla hajavaa kwenda kikaoni alimwita Fils aje achukue vitenge vyake. Fils alikuta vingine vimeshakatwa: sikio la waziri liko kwenye mkono wa blauzi, pua iko kwenye kiuno. "Lakini mama, ni kazi tu," akanung'unika. Angélique akamwambia anajua, ndiyo maana inamuuma, akamfungia vipande vyote vizuri, hata vile vidogo.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, na watu walijaa hadi madirishani. Angélique alikaa nyuma kabisa. Elisée alikuwa mezani mbele, maji yake mwenyewe kwenye chupa. Alisikiliza watu wote bila kuwakata. Delphine alisema vizuri, akapigiwa makofi: bei ishuke, mafundi wanakufa. Fils naye akasimama kwa niaba ya waziri, akasema serikali imeshasikia kilio cha wananchi, imebaki mamlaka itie sahihi tu, na tena huyu ni mtoto wa hapa. Ndipo mtu mmoja kutoka dirishani akapaza sauti: "Mutoto ya hapa wapi! Hata mama yake alimunyima chakula!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Elisée alisimama.

"Ni kweli, alininyima," akasema. "Na minamushukuru, juu sasa naweza kusema. Shirika ni ya Serikali. Serikali njo inauzisha. Na maofisi ya Serikali pia inakamata ile ile courant yenye munakamata. Sasa munataka Serikali njo iandike na bei? Siku ya zamu yake kuzima, ni nani atamuzimia?"

Wazee waliokuwa ukumbini wakatazamana. Mmoja akatamka jina la Liévin, bila kulisema kwa mtu fulani. Angélique alifunika mdomo wake kwa ncha ya kitenge.

Elisée akaendelea, na hapo aliwapoteza wengi. Akasema umeme wa bei ya chini ambao haufiki ni giza la bei ya chini. Akasema mashine ya kabini ya Kamalondo imezeeka, na bei ikishushwa kwa tangazo, hakutakuwa na cha kununulia nyingine. Bei hataipandisha mpaka shirika libadilishe mashine, lakini hataishusha kwa sababu ya kura. Watu wakapiga kelele. Delphine alitoka bila kumtazama. Na siku mamlaka ilipotoa uamuzi wake, ulikuwa huo huo.

Waziri alikasirika redioni. Kamalondo ilikasirika kwa Angélique, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Sare za kwaya zikapelekwa kwingine. Mmoja wa wasichana wake akaaga. Delphine alinuna muda mrefu, kisha siku moja akaja na kitambaa kibaya ili apate kuambiwa ni kibaya, wakarudiana, lakini hawazungumzii umeme.

Kisha zikaanza habari kwamba Elisée anaondolewa. Amri imeandikwa, nafasi yake imepata mtu. Elisée na wenzake wakaenda mahakamani, wakisema sheria iliwapa muhula na hakuna wa kuukatiza ila kwa kosa lililothibitishwa. Kila asubuhi Angélique alikuwa kanisani, amepiga magoti mbele ya Bikira, na waliomwona walisema, tazama, anamwombea mwanawe asimwage unga. Hata waliomkasirikia waliguswa na jambo hilo, wakaanza kumsalimia tena.

Alasiri moja simu ikalia akiwa anapiga pasi.

"Mama! Tulishinda. Juge alisema ile amri haina nguvu. Hata bei, waziri hana nguvu ya kuishusha. Nimebakia, mama, mupaka muhula imalizike."

"Mungu asifiwe," akasema Angélique. Akaweka pasi pembeni ili isiunguze kitambaa. "Inamalizika wakati gani?"

Akamwambia. Angélique hakuhitaji vidole kujumlisha umri wake. Alikuwa na fahari, na katikati ya fahari hiyo akajikuta anasema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata padri.

"Papa, niseme bongo nini, minakwambia kweli. Ile yote nilikuwa ninalomba mu kanisa, nilikuwa ninalomba bakufukuze. Ukuye ukale hapa ukule."

Alidhani mtandao umekatika, akaitazama, akairudisha sikioni.

"Hata miye, mama," Elisée akasema. "Miye pia niliomba vile."

Walikaa hivyo bila kukata simu, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, mpaka Angélique akakumbuka kumuuliza kama leo amekula.